Kabla hujapaka mkorogo kwenye vipele bapa

Mie ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zenye namba ambazo hata mgeni wa siku moja hapotei. Nina miaka 49. Mambo ya ngozi sikuyasomea popote. Haya ninayoandika nimeyapata kwa kuugua, kwa kumchosha daktari kwa maswali, na kwa tabia ya kazi yangu ya kuigeuza nguo upande wa ndani kabla ya kusema imeharibikia wapi.

Ugonjwa wenyewe unaitwa laikeni planasi. Jina la Kiswahili hauna, na nadhani ndiyo maana wengi wanao na hawajui wanaumwa nini. Daktari Mwingereza, Erasmus Wilson, ndiye aliyeuelezea kwa jina hilo mwaka 1869. Laikeni ni yale mabaka ya kijivu yanayoota kwenye shina la mnazi mkongwe; planasi ni Kilatini, maana yake bapa. Ukishaviona vipele vyake utakubali kwamba mzee yule hakubahatisha.

Vyangu vilianza kifundo cha mkono wa kushoto, pale pale ninapofunga kimto cha pini. Vipele sita, vikiwasha mpaka napoteza hesabu ya futi nikimpima mteja kiuno. Duka la dawa wakanipa dawa ya fangasi. Nikapaka wiki tatu, bure. Jirani akasema nimetupiwa kitu. Shoga yangu, kwa mapenzi kabisa, akaniletea kikopo cha mkorogo: "Paka usiku tu, doa lote litaondoka." Nikapaka siku nne, ngozi ikaanza kuungua, nikaacha. Kumbe hata kama isingeungua nilikuwa nafua upande usio na doa. Nitalirudia hilo mbele.

Namna ya kutazama

Simama mlangoni asubuhi, si chini ya taa ya ndani. Futa mafuta na poda. Inamisha mkono polepole mwanga uupige kwa ubavu. Kipele cha laikeni kina uso bapa, kinang'aa kama satini iliyopigwa pasi, na ukingo wake una pembepembe, kama vile vipande vinavyobaki chini ya meza yangu nikimaliza kukata gauni. Choa si hivyo: choa ni duara, magamba yako ukingoni na katikati pamepoa.

Rangi ndiyo inayopotosha watu. Picha nyingi zinazosambaa ni za ngozi nyeupe, na zinaonyesha zambarau. Kwetu sisi zambarau hiyo hujificha. Unaona damu ya mzee, au hudhurungi ya buni iliyokaangwa, au kijivu cha majivu, au weusi mtupu. Usikae ukisubiri zambarau.

Halafu dondosha tone moja la mafuta ya nazi juu ya kipele, uchukue lenzi ya kukuzia. Mimi natumia ile ninayotungia uzi siku hizi, maana macho nayo yamechoka. Mafuta hufanya tabaka la juu la ngozi lipitishe mwanga, na kwenye baadhi ya vipele utaona mistari myeupe myembamba, imepishana kama lesi ya mikono ya gauni. Inaitwa mistari ya Wickham, kwa jina la daktari wa Paris aliyeieleza mwaka 1895. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingine haionekani kabisa, kwa hiyo kutoiona hakukuondolei ugonjwa.

Ukimaliza mkono, vua nguo. Sisemi utani. Laikeni hupenda vifundo vya mikono upande wa ndani, mikono chini ya kiwiko, miundi, vifundo vya miguu, na kiuno nyuma. Mimi nilikuwa na mabaka mawili manene kwenye muundi ambayo nilidhani ni alama za mbu wa mvua zilizopita. Tafuta pia mistari. Vipele hivi huota pale ngozi ilipochubuka. Nilikuwa na mkwaruzo wa pini, mrefu kama kidole cha shahada, na juu yake vikajipanga vipele kama ushanga uliotungwa. Mkwaruzo wa kamba ya mkonge, kucha, mkanda wa saa, vyote vinaweza kuvialika. Ndiyo maana kukuna ni kujiongezea. Kiganja kikitaka kukuna, kandamiza pale kwa kitambaa kilicholowa maji baridi. Na kata kucha.

Vipo vinavyofanana navyo. Upele wa wadudu huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole na huwapata wengi nyumba moja. Soriasisi ina magamba mazito meupe, hasa viwiko na magoti. Ukurutu unaweza kutoa maji. Kaswende ya hatua ya pili inaweza kutoa vipele mwilini hadi viganjani na nyayoni, mara nyingi bila kuwasha, na hiyo hupimwa kwa damu, haipimwi kwa macho ya jirani. Usione haya daktari akitaka kukupima.

Fungua mdomo

Hapa ndipo nilipopigwa na butwaa. Nilipanda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, ile inayotazama bahari, nikiwa nimejiandaa kuonyesha mkono. Nikaamkia, nikaketi, nikakunja mkono wa gauni. Daktari akatazama kidogo tu, akasema, "Mama, fungua mdomo."

"Mdomo hauniumi, daktari."

"Ndiyo, lakini fungua."

Akavuta shavu kwa kijiti, akampa muuguzi simu yangu anipige picha. Ndani ya mashavu yote mawili kulikuwa na lesi nyeupe, safi, kama imetariziwa kwa sindano namba kumi. Sijui ilikuwepo tangu lini. Karibu nusu ya wenye vipele vya ngozini huwa nayo mdomoni pia, na wengine huwa nayo mdomoni peke yake.

Basi wewe nawe fungua. Tumia kioo na tochi ya simu, vuta shavu kwa kidole, tazama mpaka nyuma kwenye magego, kisha ulimi pande zote mbili, kisha fizi. Lesi nyeupe isiyofutika na isiyouma ndiyo aina nyepesi, na mara nyingi haihitaji dawa. Utando wa fangasi, kinyume chake, mara nyingi hufutika kwa kitambaa. Aina nzito ni ile ya vidonda: pamechubuka, pamekuwa pekundu, fizi zinatoka ngozi ukipiga mswaki, na pilipili ya kachumbari inakutoa machozi. Mimi ilinifikia mwaka wa pili, kidogo, upande wa kushoto. Niliaga embe bichi la chumvi na pilipili, niliaga achari, niliaga ukwaju. Mswaki laini, dawa ya meno isiyo na sodiamu laurili salfeti (geuza boksi, imeandikwa), na wali uliopoa badala ya kisamvu cha moto. Kwa matibabu daktari anaweza kukupa steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, ya kuyeyusha majini: unasukutua, unatema, humezi.

Kama doa la mdomoni limekaa sawia na jino lililozibwa kwa madini ya rangi ya fedha, mwambie daktari wa meno. Kuna watu ambao ngozi ya shavu hukasirikia kizibo hicho, na kikibadilishwa doa hupungua. Na kama unatafuna tambuu, au unaweka ugoro chini ya mdomo, sema. Popoo pekee huweza kuleta mabaka yanayofanana na haya, na tambuu na tumbaku ni mambo ambayo mdomo wenye laikeni hauyahitaji hata chembe.

Unatoka wapi

Hauambukizi. Nimelala na mume wangu kitanda kimoja miaka yote hii, nimewashonea na kuwapima wateja, nimemlea mjukuu, hakuna aliyeupata. Haukuletwa na uchafu. Aliyesema nimetupiwa nilimwambia basi aliyetupa alikuwa na shabaha ya ajabu, kifundo cha kushoto tu kwanza.

Kinachotokea ni hiki. Mwilini kuna seli nyeupe ambazo ni askari wake. Kwenye laikeni, kundi moja la askari hao, seli za T, hugeuka na kushambulia tabaka la chini kabisa la ngozi ya juu, mahali ngozi mpya inapozaliwa. Ni kama mgambo wa soko anayewakimbiza wenye vibali. Kwa nini wanageuka, sayansi haijapata jibu moja. Lakini kuna mambo mawili yanayojulikana kuhusiana nao, na hayo mawili unaweza kuyafanyia kazi wewe mwenyewe.

La kwanza ni homa ya ini aina ya C. Si kila mwenye laikeni anayo, wala si wengi, lakini uhusiano upo, na kipimo ni damu kidogo tu. Omba. Usichanganye na aina ya B, ambayo ndiyo inayosikika zaidi kwetu. Ukiambiwa "umepimwa homa ya ini", uliza herufi.

La pili ni dawa. Zipo dawa zinazoleta vipele vilevile au karibu yake, na ujanja wake ni kwamba vinaweza kutokea miezi mingi baada ya kuanza kumeza, ukiwa umeshasahau. Za presha: kaptoprili, enalaprili, atenololi, propranololi, methildopa, na vile vidonge vya kukojoza vya jamii ya thiazidi. Za maumivu: ibuprofeni, naproxeni. Za kisukari jamii ya glibenklamidi. Za kifua kikuu baadhi yake. Na za malaria za zamani, klorokwini na kwinini. Hilo la kwinini lilinichekesha, maana huku kwetu Amani, milimani Muheza, Wajerumani walipanda hadi miti yake. Cha ajabu zaidi, ndugu ya klorokwini, haidroksiklorokwini, hutumika kutibu baadhi ya aina za laikeni.

Kwa hiyo fanya hivi: usiende kwa daktari na neno "natumia dawa za presha". Chukua mfuko, tia ndani kila boksi, kila karatasi ya vidonge, kila chupa ya mitishamba, kila kikopo cha krimu pamoja na huo mkorogo unaouonea haya. Kwenye karatasi andika mwezi ulioanza kila kimoja, na mwezi kipele cha kwanza kilipotokea. Mimi niliandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Daktari aliisoma karatasi ile kwa muda mrefu kuliko alivyotazama mkono.

Na tafadhali, dawa ya presha usiiache kwa uamuzi wako. Daktari ndiye atakayekubadilishia. Kipele hakijawahi kumwangusha mtu sokoni; presha imewaangusha wangapi.

Daktari atafanya nini

Mara nyingi macho yanatosha. Akiwa na shaka atakata kinyama kidogo cha ngozi kwa ganzi, kama tundu la kifungo, kipelekwe maabara. Kubali. Kule chini ya hadubini askari wale huonekana wamejipanga kama pindo chini ya ngozi ya juu, na hapo ubishi unakwisha. Mwulize pia kama kuna mtaalamu wa ngozi karibu. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na waliosoma hapo wametawanyika mikoani.

Dawa ya kwanza ni steroidi kali ya kupaka: klobetasoli au betamethazoni. Kamua kuanzia ncha ya kidole cha shahada mpaka mkunjo wake wa kwanza. Kiasi hicho kinatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Paka juu ya vipele tu, si mkono mzima. Usipeleke usoni wala kwenye mikunjo bila kuambiwa. Paka kwa muda ulioandikiwa, kisha rudi uangaliwe. Ya kumeza, prednisoloni, huja pale vipele vikienea sana, na haiachwi ghafla. Kwa muwasho, setirizini au piritoni usiku. Piritoni inaleta usingizi, mimi niliwahi kushona mkono wa blauzi kwenye shingo. Ipo dawa nyingine, asitretini, kwa hali ngumu: mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi hivihivi, kwa sababu inaharibu mtoto tumboni, na baada ya kuiacha lazima akae miaka 3 bila kubeba mimba.

Vipele vya ngozini kwa watu wengi hunyauka ndani ya mwaka mmoja au miwili, vingine vikirudi baadaye. Vya mdomoni hukaa miaka mingi. Vile vinene vya muundi ni vikaidi kuliko vyote.

Sasa, doa

Kipele kikiondoka kinaacha doa jeusi. Hili ndilo linalowapeleka watu kwenye mkorogo, na ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo. Askari wanaposhambulia lile tabaka la chini, rangi ya ngozi humwagika na kuzama chini yake. Mwenye kushona atanielewa: doa haliko tena kwenye kitambaa, liko kwenye bitana. Utasugua kitambaa mpaka kichanike na bitana iko vilevile.

Na ndani ya vikopo hivyo huwamo nini? Haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), zebaki, na mara nyingi klobetasoli ileile ya hospitali, bila kipimo, bila kikomo. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya patani, mishipa inaonekana, na haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuleta weusi wa bluu ambao hauondoki. Zaidi ya hapo, steroidi ya kikopo hubadilisha sura ya kipele, daktari akitazama hajui anaona nini. Doa acha lipungue lenyewe. Langu la kifundo lilichukua miaka miwili na miezi. Nguo ya mikono mirefu na kivuli husaidia, maana jua hulikoleza. Piko nyeusi nayo niliiweka kando hata kwenye harusi ya binti wa dada yangu. Rangi yake ina kemikali inayochoma ngozi za watu wengi, na ngozi iliyochomwa, tumeshasema, hualika vipele. Nilijipaka hina ya majani tu.

Sura zake nyingine

Ipo ya jua: pete za hudhurungi zenye ukingo uliopauka, usoni, shingoni, nyuma ya mikono, na huwakuta zaidi vijana wa nchi zenye jua kama letu. Ipo inayoleta mabaka ya majivu usoni na shingoni bila vipele wala muwasho wa maana. Ipo ya malengelenge, ni nadra. Kwenye kucha, kama mtu 1 katika 10 wenye ugonjwa: mifereji ya urefu, ukucha unakuwa mwembamba, na ngozi ya nyuma ikianza kuota mbele juu ya ukucha, kimbia, kwa sababu ukucha uliofunikwa hivyo haurudi.

Ya kichwani naiombea muda wako zaidi. Inashambulia mizizi ya nywele. Utaona wekundu au weusi kuzunguka tundu la unywele, kichwa kinawaka, kisha kipara kidogo laini kinachong'aa kisicho na vitundu. Hapo ni kovu, na nywele hazioti juu ya kovu. Wengi husingizia rasta na kufunga juu kitambaa kizuri mpaka sehemu imekuwa kubwa. Msusi wako ndiye anayekiona kichwa chako kuliko wewe. Mwambie akuambie.

Na ya sehemu za siri. Kwa wanaume ni pete kwenye kichwa cha uume, na wengi hukimbilia dawa za zinaa wanazonunua kimya kimya. Kwa wanawake inaweza kuwa vidonda, maumivu wakati wa tendo, damu, na baadaye makovu yanayobana au kuziba njia. Sisi wa pwani tuna makungwi na masomo, tunafundwa mambo mengi, lakini kidonda cha huko tunakisitiri mpaka kimefunga mlango. Mwenye laikeni ya fizi zinazochubuka aulizwe na ajikague huko pia, kwa kuwa mbili hizo hupenda kufuatana. Waweza kuomba uonwe na daktari mwanamke.

Mara chache ugonjwa hufika hadi kwenye koo la chakula. Dalili yake ni tonge kukwama kifuani. Usilisukume kwa maji mwaka mzima.

Hofu kubwa ya watu ni saratani. Kwa laikeni ya kawaida ya ngozi usikose usingizi. Ya mdomoni, hasa ya vidonda, hugeuka kuwa saratani kwa takriban mtu 1 katika 100, tena kwa miaka mingi, na sigara, tumbaku, tambuu na pombe haviisaidii. Ya sehemu za siri nayo ifuatiliwe, na ile nene ya muundi mara chache sana. Unachotafuta ni kidonda kisichopona wiki tatu, uvimbe mgumu, au doa jeupe linaloinuka na kuwa gumu. Mimi napiga picha mashavu yangu kila mwezi unapoandama, kwa tochi ileile na kioo kilekile, na kila miezi 6 naonwa na daktari wa meno. Picha za miaka minne zimo kwenye simu, katikati ya picha za magauni, na mteja akichagua mshono huwa namwomba asiteleze kidole mbali sana.